Dawa ya Sakafu Katika Sufuria Sita

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, maafande na nyote mliofika, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa marehemu aliacha maagizo ya maandishi kwamba habari za mwaka 1991 zisomwe zote bila kurukwa hata mstari, nami nilimbishia sana akiwa hai nikashindwa, sasa sina ujanja.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa machinjio ya manispaa, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa mchinjaji na mama yetu akifua makoti ya wachinjaji, kwa hiyo sisi harufu ya damu na sabuni ya magadi tuliizoea kabla hatujajua kusema. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya machinjio hayo mwaka 1957 hadi 1963, akasoma sekondari mwaka 1964 hadi 1967, ambako alishika nafasi ya pili kila mwaka na hakupenda kukumbushwa, kisha akajiunga na chuo cha mifugo na kupata stashahada ya afya ya wanyama mwaka 1970.

Tarehe 4 Januari 1971 aliingia jeshini akiwa mhudumu wa mbwa wa ulinzi, na sisi tuliobaki nyumbani tulimcheka mpaka machozi, tukisema wenzake wamekwenda kushika bunduki yeye amekwenda kuogesha mbwa, lakini jeshi liliona alichokuwa nacho, likampeleka chuo kikuu mwaka 1975, akarudi mwaka 1980 akiwa daktari wa mifugo mwenye cheo cha luteni.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, fundi cherehani, ingawa ndoa hiyo nusura ivunjike kabla haijafungwa, maana siku tulipokwenda kujitambulisha ukweni, marehemu alinusa nyama iliyowekwa mezani, akasukuma sahani pembeni, akaomba kwa heshima zote aonyeshwe sufuria ilimotoka. Baba mkwe alikuwa tayari ametuonyesha mlango, na mimi nilikuwa tayari nimeshika viatu vyangu, lakini shemeji anasema alimkubali siku hiyohiyo, kwa sababu yeye mwenyewe nyama ile alikuwa ameitilia shaka tangu asubuhi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1984, ambaye sasa ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1987, ambaye ni fundi wa majokofu.

Mwaka 1989 alipandishwa kuwa meja, akapewa kazi ambayo haikuwa na mwenyewe, ya kulinda afya ya kambi nzima, watu, mifugo, maji na chakula. Wakati huo daktari wa watu alikuwa na chumba chake, daktari wa mbwa na ng'ombe chake, na bwana stoo wa chakula chake, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu, hata maji yakichafuka kila mmoja aliandika ripoti yake na kuifungia kabatini. Marehemu aliomba ukuta wa katikati ubomolewe, akawaweka wote meza moja, akapima visima, akachanja mifugo ya kambi, akaweka muhuri wa nyama ambao yeye na msaidizi wake tu ndio walioushika, na askari wakampa jina la Meja Pua, jina alilolipenda kuliko cheo. Katika mipango yake yote, aliojivunia zaidi ulikuwa wa kikombe, yaani amri kwamba kila mlo wa kambi uchotwe kikombe kimoja, kibandikwe tarehe na kutunzwa kwenye jokofu siku tatu, ili watu wakiumwa ijulikane walichokula. Amri hiyo aliiandika kwa mstari mmoja, ikabandikwa ukutani jikoni.

Sasa nafika mwaka 1991.

Jumapili tarehe 12 Mei jioni kambi ilikula nyama, na kufikia asubuhi ya Jumatatu askari themanini na saba walikuwa wamelala zahanati na kwenye korido yake, wakitapika na kuendesha. Marehemu alisimamisha mapishi yote, akawalisha waliobaki biskuti na vyakula vya makopo, akachukua kikombe cha Jumapili na kukipeleka maabara yeye mwenyewe, akiwa amekipakata garini, na Jumatano saa nne asubuhi majibu yakaja kwamba kikombe ni safi, hakina kitu. Aliyasoma mara tatu, hakuyapenda, lakini kikombe kilikuwa kikombe chake na mpango ulikuwa mpango wake, basi akaelekeza shaka kwenye maji, na saa tano akatia sahihi karatasi ya kuruhusu jiko lipike tena. Jioni hiyo ilikula kompania moja tu.

Alhamisi tarehe 16 Mei, asubuhi, askari wanane wa kompania hiyo wakaanguka. Ilipofika saa sita kasoro, marehemu aliingia jikoni, akakuta sufuria sita kubwa za nyama ziko tayari, na nje mstari wa askari mia sita na arobaini waliokuwa waondoke kwenda mpakani saa nane, sahani mkononi. Alimwita mpishi mkuu, mtu mwaminifu tuliyemjua kwa jina la Chumvi, akamwambia amchotee kikombe cha mlo ule mbele ya macho yake. Chumvi hakugusa hata moja kati ya zile sufuria sita, alifungua kabati, akatoa kisufuria kidogo chenye kifuniko, kimepikwa asubuhi ile kwa mafuta mazuri, akachota vipande vilivyonona, na alipoulizwa akajibu bila wasiwasi wowote, "Afande, si hiki ndicho cha wakubwa kuonja? Nitawapaje wakubwa makapi ya masufuria?" Akaulizwa za askari zilipikwa lini, akasema jana mchana, pamoja na ya kompania iliyokula jioni, maana siku zote alipika mapema kwa mkupuo ili kuni zisipotee, zikalala hapohapo jikoni zikisubiri kupashwa moto.

Marehemu aliandika kwamba hapo ndipo alipoelewa. Kwa miaka miwili Chumvi alikuwa akipika kikombe kando, kwa heshima na kwa fahari ya kazi yake, akidhani ni mashindano, kwa sababu ule mstari mmoja ukutani ulisema kikombe kiwekwe na haukusema kwa nini, na vikombe vyote vya miaka miwili havikuwa ushahidi wa chochote, pamoja na kile kilichomfanya atie sahihi jana yake.

Akampigia kamanda kwa simu ya jikoni. Kamanda akamuuliza karatasi inayosema chakula ni salama imesainiwa na nani, marehemu akajibu imesainiwa na mimi, kamanda akasema basi pakueni, magari hayasubiri, akakata simu. Kengele ya chakula ikalia. Pale mlangoni palikuwa na dumu la lita tano la dawa ya kusafishia sakafu, ile nyeupe yenye harufu kali, na marehemu alilichukua, akaenda sufuria baada ya sufuria akimimina, huku Chumvi akimshika mkono akimsihi, "Afande, utafungwa, afande, niachie mimi," na askari wa mbele wakipiga sahani zao kwa hasira, na alipomaliza ya sita akaketi kwenye gunia la mchele kusubiri kukamatwa. Akakamatwa, akakaa mahabusu siku tisa.

Sufuria zilipopimwa, zilikutwa na sumu ya kuchacha ambayo moto wa kupasha hauiondoi, na hakuna mtu aliyekwenda mpakani akiwa ameila. Watu wengi hapa leo wanaijua sehemu hiyo na wanaisimulia kwa kicheko, na mimi pia nilitaka niishie hapo, lakini wale wanane wa kompania ya Jumatano walikula kwa ruhusa ya sahihi yake, saba wakapona, na mmoja, askari wa miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa mama yake, akafariki Jumamosi tarehe 18 Mei, marehemu akiwa mahabusu. Kamati ya uchunguzi ilitaka kumfukuza Chumvi, marehemu akasimama akasema amri ilikuwa yake na uvivu wa kutoieleza ulikuwa wake, hivyo Chumvi akabaki kazini, na marehemu akakaa na umeja miaka sita zaidi bila kupandishwa.

Tarehe 1 Juni 1991 alikwenda, bila sare, hadi nyumbani kwa mama wa yule askari, vyumba viwili karibu na kiwanda cha matofali, akasimama mlangoni akamweleza yote. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja, "Na wewe chakula hicho ulikula?" Marehemu akasema hapana, nilikula nyumbani kwangu. Mama akafunga mlango.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006 akiwa kanali, marehemu alikula kila mchana kutoka sufuria ya askari, wa kwanza, amesimama, na shemeji alilalamika miaka kumi na mitano kwamba ameolewa na mtu asiyejua mapishi yake. Amri zake zote aliziandika upya, kila moja na sababu yake chini, na aliyewafundisha wapishi kambi zote alikuwa Chumvi. Na kila tarehe 18 Mei alirudi kwenye ule mlango, ambao haukufunguliwa mpaka mwaka 1999, na baada ya hapo alikaribishwa kiti, wakakaa saa moja, kisha akaaga.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akapata kiharusi tarehe 6 Novemba 2024, akalazwa, na akafariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025 saa tatu asubuhi, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sabini na sita. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao aliwakagulia uji wao mpaka wiki ya mwisho na hawakumchukia, majirani waliotuletea viti na maji tangu Jumapili, wenzake wa jeshini, na mzee Chumvi, ambaye tangu juzi hajaondoka jikoni kwetu.

Tunamshukuru pia mama wa yule askari, ambaye yuko nasi, ameketi na shemeji. Nilipomsomea karatasi hii jana, nilikuwa nimeandika kwamba alimsamehe marehemu, akaniambia nifute, kwa sababu hakuwahi kumsamehe na hataki kusema uongo mbele ya jeneza. Ameniomba niseme tu kwamba kwa miaka thelathini na mitatu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifika kulitaja jina la mwanawe pamoja naye, na kwamba tarehe 18 Mei mwaka huu hajui atakaa na nani.

Kaka, pumzika sasa, upumzike kwa amani.