Boazi Simbeye, Fundi Aliyempisha Mkwewe Njia

Marehemu Boazi Simbeye alizaliwa Ivuna mwaka 1909, mtoto wa pili wa mzee Luka Simbeye, mchemsha chumvi, na mama Marita. Mimi Timotheo, mdogo wake, nasoma haya kwa niaba ya ukoo.

Alisoma shule ya misheni huko Mbozi hadi mwaka 1925. Mwalimu alisema akili anazo, ila hazitulii. Siku moja aliifungua kengele ya shule aone kwa nini inalia, na shule nzima ikachelewa kwenda nyumbani.

Alijifunza ufundi wa magari Mbeya. Mwaka 1932 aliajiriwa karibu na Itaka, kwenye shamba la kahawa la Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia. Bwana huyo alikuwa na gari dogo la michezo, la viti viwili, lisilo na paa, limeshazeeka, naye alilipenda kuliko mbwa wake. Agosti 1936 aliagiza Nairobi usukani wa mbao, mdogo kuliko ule wa kiwandani, maana tumbo lake lilikuwa limeanza kugombana na ule wa zamani. Tundu la usukani mpya halikulingana na shafti. Boazi alichonga kipande cha shaba cha kukaa katikati, akakisugua kwa tupa hadi kikatulia bila kucheza, akakaza nati, akatoka na gari kulijaribu.

Kwenye kona ya kwanza alikutana na Mama Roda, amebeba kuni. Boazi alikuwa amemchumbia Tabita, binti wa mama huyo, na wakwe walikwishasema wazi kwamba binti yao haolewi na mtu wa kukimbilia migodi ya shaba ya Rhodesia. Bila kazi ya Itaka, hakuna mke. Lakini kwa mila yetu kijana akimwona mama mkwe huacha njia. Boazi akaiacha, pamoja na gari. Alizungusha mikono kama alivyozoea kwa ule usukani mkubwa; huu mdogo ukageuka kupita alivyotaka, na gari likaingia kwenye kahawa.

Bwana Kofia alikuja mbio. "Wewe nafunga usukani mbaya! Kesho hapana kazi!"

Boazi hakujitetea, kwa sababu kujitetea kungekuwa kumtaja mama mkwe, nayo mila hairuhusu. Alisimama akitazama chini. Ndipo Mama Roda akawapa wote mgongo, akasema kwa Kinyiha, nyapara Jonasi akitafsiri: "Mwambie Mzungu usukani hauna kosa. Mkwe wangu amenipisha njia. Angenipita pale, binti yangu nisingempa."

Bwana Kofia alishika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

"Hii desturi," alisema, "siku nyingine wewe nafanya kwa miguu."

Kazi ilibaki. Boazi na Tabita walifunga ndoa tarehe 8 Mei 1937, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1948 alifungua karakana yake hapa Tunduma, na ule usukani mkubwa wa zamani akautundika ukutani.

Ini lilianza kumsumbua mwaka jana. Mama Roda alihama Itaka akaja kukaa nasi. Kila asubuhi aliketi nje chini ya dirisha la mgonjwa na kuuliza, "Mkwe, umeamkaje?" Naye alijibu kutoka ndani, hata siku ambazo sisi hakutujibu. Hawakuwahi kutazamana usoni. Nilikuwapo, na iliniuma.

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Juni 1956.

Ameacha mjane, Tabita, na watoto: Efraimu, Anastazia, Abrahamu na Ferista. Ameniacha mimi. Amemwacha pia mama mkwe. Jana tulipoleta jeneza nyumbani, tulimkuta katikati ya njia, tukasimama, tusijue la kufanya. Yeye akashuka pembeni, kwenye majani.

"Mpitisheni," alisema. "Leo ninampisha mimi."

Boazi, njia ni yako. Pumzika salama.