Shangazi wa Kukodi

Asalaam aleikum. Na wale ambao siwapendi, asalaam aleikum pia, maana salamu ni ya Mungu.

Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nizungumze kwa upole. Nimemwambia nitajaribu, lakini upole wangu mnaujua. Mmeniita niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, basi nitaeleza, na jina la mtu sitataja. Humu ndani mpo mlionicheka. Mmoja wenu amekaa kule nyuma karibu na mlango, kajifunika mtandio mpaka puani kana kwamba anasikia baridi. Baridi gani, Mtwara hii?

Mnajua kwamba mume wangu alipofariki nilibaki na chumba kimoja cha mbele pale Magomeni, na hicho chenyewe ni cha mjomba wangu. Nikawa nashona nguo, mitumba ikaja ikaniua. Ndipo wakatokea wale mabwana wa semina, wakatuambia mtandao umefika Mtwara na dunia yote sasa ni soko. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Mteja wangu atakuwa nani?" Yule bwana, kavaa tai kwenye jua la saa nane, akajibu, "Mama, mteja wako ni kila mtu."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikwambia mteja wako ni kila mtu, mwombe akuletee hata mmoja.

Mimi sikumwomba. Nikauza cherehani, nikanunua kompyuta ya mtumba, nikatengenezewa ukurasa kwenye mtandao. Nikaweka picha za korosho nilizobangua kwa mkono na vinyago viwili vitatu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, karibuni wazungu. Umeme wa siku zile mnaukumbuka, ulikuwa unapita kutusalimia tu. Nikaenda kwenye duka la intaneti karibu na soko, nalipia nusu saa, nusu saa inaisha ukurasa bado unafunguka. Mzungu hata mmoja hakuandika. Aliyeandika ni tapeli, kwamba mfalme fulani amekufa na ameniachia urithi.

Mjomba akachoka kunitazama. Akaja akasimama mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Msimu wa korosho ukifunguliwa, chumba hiki naweka magunia. Wee utarudi kijijini ukalime mihogo. Hilo dude lako haliliwi."

Nilimchukia, na sioni haya kusema. Chumba kile ndicho kilichokuwa kinanitenganisha na jembe. Na nyie wana kikundi mkaja kunipa pole, mkawa mnaitazama kompyuta kama mnaangalia maiti. Mmoja akasema, "Si angebaki na cherehani yake!" Alisema hivyo huku anatafuna korosho zangu. Msicheke, sijamaliza.

Mvua zikaisha, mikorosho ikaanza kutoa maua, na mimi nayahesabu yale maua kama mfungwa. Ndipo ikaja barua pepe ya Kiswahili. Mwandishi alikuwa mwanamke wa Mikindani aliyeolewa Ulaya. Korosho hakuzitaka.

"Dada, upo Mtwara kweli?" ndivyo alivyouliza.

Nikamjibu kwa hasira, "Kwani ulidhani nipo mwezini?"

Akaandika tena. Mtoto wa kaka yake anatolewa unyagoni, na shangazi wa mwali yule ni yeye peke yake. Asipofika na khanga zake, mawifi watasema kawatupa ndugu, na neno hilo halitafutika. Likizo kanyimwa. Akaniomba nimpelekee.

Nikasema, kazi ndogo hiyo. Akatuma hela ya khanga na nauli. Nikanunua doti nzuri, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda Mikindani. Nikakuta ngoma imechangamka, nikapita pembeni, nikamkabidhi mama wa mwali mfuko wangu mlangoni kama mtu wa posta. Sijui nilikuwa nafikiri nini, mimi niliyechezwa unyago kama nyie!

Kungwi akasimamisha ngoma.

"Hizo za nani?"

"Za shangazi yake aliye Ulaya."

"Shangazi hatumwi kama kifurushi, shangazi anacheza! Na wee nani kwao?"

"Mimi si mtu wa kwao. Nimeagizwa tu."

"Alaa! Kumbe shangazi wa kukodi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mmoja wa wale mawifi akaunyakua mfuko akautupa, khanga zikamwagika mchangani, wakazikanyaga. Nilikwishageuka niondoke. Ndipo nikamwona mwali. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kainamisha kichwa kama anavyotakiwa, haruhusiwi kuinua macho, lakini machozi yalikuwa yanamdondokea mapajani. Mtoto yule alikuwa anamngoja shangazi yake.

Hapo hasira ikanipanda. Nikaziokota zile khanga, nikazikung'uta, nikajifunga moja kiunoni, nikawaambia wenye ngoma, "Pigeni!" Nikalitaja jina la shangazi mtu kwa sauti yangu yote, jina lake na la baba yake, kwamba amefika. Kila nikizunguka nalitaja. Nilicheza kwa chuki, ndugu zangu, nikawatimulia vumbi wale mawifi mpaka wakasogea. Nikamfunika mwali khanga moja baada ya nyingine. Kungwi alinitazama weee, halafu kigelegele cha kwanza akakipiga yeye mwenyewe. Mpiga picha wa shughuli akapiga picha.

Picha ile nikaituma kwa mtandao. Jibu likaja siku hiyo hiyo: "Nimeiona. Nimefika. Nimelia kazini mpaka wamenirudisha nyumbani."

Nimefika! Nililisoma neno hilo pale dukani, nikajua mteja wangu ni nani. Mzungu hana haja na mimi. Mteja wangu ni mtu wetu aliye mbali, ambaye kwao kuna shughuli, hawezi kuja, na anajua kabisa atakavyosemwa. Nikafuta korosho, nikafuta vinyago na Kiingereza chote. Nikaandika kwa Kiswahili, "Nyumbani wana shughuli nawe huwezi kufika? Nitasimama mahali pako." Wakaandika kutoka Dar, kutoka Muscat, hadi kutoka meli zilizo baharini. Msimu ulipofunguliwa mjomba alikuja na magunia yake, akakuta chumba kimejaa khanga mpaka darini, na kodi nikampa mkononi. Akayabeba magunia akaondoka. Chai sikumkaribisha.

Sasa shukrani. Namshukuru yule dada wa Ulaya. Namshukuru kungwi, maana alinitukana vizuri, matusi yenye mafunzo. Namshukuru mwenye duka la intaneti, aliyekuwa ananiacha nimalizie kusoma muda wangu ukiisha. Namshukuru mama mwenyekiti, aliyeniletea sukari asinihubirie. Wengine siwashukuru, hamkufanya kitu. Na nyie mnaotaka kuanza biashara, msiulize nani ana pesa. Tafuteni anayeumia mahali ambapo mkono wenu unafika, mjue na desturi za kwao, la sivyo mtatupiwa mifuko.

Nakuja kwako wewe wa mlangoni. Jina la shangazi wa kukodi lililetwa hapa mtaani Chuno na mdomo wako. Mwaka jana ulipomwoza binti yako mdogo, yule mkubwa aliye Muscat tajiri yake alimnyima ruhusa. Nani aliingia uani kwako akicheza, akilitaja jina la mwanao? Ulinikumbatia ukalia, ukaniita mwanangu. Kesho yake tukakutana sokoni, ukageuza uso.

Sikudai asante. Lakini mwanao kaniandikia jana. Anasema simu zake hupokei, anauliza kama mama yake mzima. Basi funua huo mtandio nikuone, nijue nitamjibu nini.