Mshindilio wa Kumfikia Nyani wa Jiweni

Benchi lililo mbele ya cherehani yangu hapa Nachingwea nililiweka kwa ajili ya wateja, na sijawahi kumwona mteja amelikalia. Wamelihamia wengine. Kuna Kanali, ambaye jeshini hajafika hata langoni. Jina lake Severini, alikuwa mlinzi wa ghala la korosho mpaka alipostaafu. Kuna Dokta Upepo, yaani Abubakary, fundi simu, ambaye kila anachokijua kakiona kwenye video huku akisubiri betri za watu zijae. Mimi, Agapiti, nashona huku nawasikiliza, na nikichoka nawagombeza kidogo. Siku hiyo muuza kahawa alikuwa ameshamimina raundi ya kwanza Mikidadi alipoingia na bodaboda yake kutoka shambani kwake Nambambo, macho mekundu, salamu yenyewe ya kulazimisha. Nyani walikuwa wanammalizia mahindi.

Mikidadi: Wanajua, jamani. Wanajua gobore langu linafika wapi. Dume lao linakaa juu ya lile jiwe la mwisho wa shamba, kidogo tu kupita pale risasi inapochoka. Linakula hindi langu huku linaniangalia!

Kanali: Si ulisema utavaa khanga?

Mikidadi: Nimevaa, mzee. Khanga mbili za mke wangu Rukaiya, na ndoo kichwani. Si mnajua nyani hamkimbii mwanamke? Wakaja, wakaja... dume likanitazama miguu, likageuka, wote wakageuka.

Dokta Upepo: Mwendo wako huo, mwanangu. Umetembea kidume.

Mikidadi: Abu, acha utani. Mwaka jana tuliokoteza mabaki. Mwaka huu wakimaliza, mimi na mke wangu na watoto hatuna cha kupika. Nataka mshindilio mmoja tu wa kumfikia palepale jiweni.

Hapo benchi lote likasogea mbele. Gobore, kwa asiyelijua, halina risasi ya dukani. Unamimina baruti mdomoni mwa bomba, unashindilia tambara, unatia chuma, unashindilia tena, na kila mtu ana mapishi yake ya huo mshindilio. La Mikidadi ni la urithi, lina kibali, na inasemekana bomba lake lilikuwa la maji, mali ya wale Waingereza waliokuja kulima karanga.

Kanali: Ongeza baruti. Basi, kesi imekwisha.

Mikidadi: Niliongeza.

Kanali: Ikawaje?

Mikidadi: Nilizindukia kwenye mbaazi. Bega hili, mpaka leo navishwa shati.

Kanali: Na nyani?

Mikidadi: Walikaa kimya. Nadhani walijua nimekufa.

— Kanali, nikasema mimi, hilo bomba litapasuka limuue mtu.

Kanali: Bomba la Mwingereza lipasuke? Lile limebeba maji ya mji mzima! Haya niambieni, maji na baruti, kipi kizito?

Swali hilo mimi mpaka leo sijalielewa, na Kanali naye sidhani.

Mikidadi akafungua mfuko wa rambo, akamwaga vitu kwenye benchi: gololi za beringi, vipande vya nondo, misumari minene. Alikuwa ameviokota gereji zote za mjini.

Kanali: Nondo. Nondo haina mjadala.

Dokta Upepo: Nondo itapepesuka njiani, mzee. Chukua gololi. Ila msikurupuke, hii kitu ni sayansi. Wazungu nimewaona mimi. Wanajaza risasi wenyewe mezani, baruti wanaipima kwenye mizani punje kwa punje. Wanapiga chache, wanapunguza kidogo, wanapiga tena, wanaongeza kidogo. Mpaka wapate ule mshindilio ambao bunduki yenyewe inaupenda.

Mikidadi: Bunduki inapenda?

Dokta Upepo: Inapenda. Kila bunduki na tabia yake. Kisha wanapiga kutoka kama hapa mpaka kule kwenye mnara wa simu.

Kanali: Wanapiga nini?

Dokta Upepo: Panya.

Kanali: Panya!

Dokta Upepo: Panya wa mashimoni. Wanaharibu malisho.

Kanali: Halafu wanawala?

Dokta Upepo: Hawawali. Wanapeana mikono tu.

Mikidadi: Basi hao hawajakutana na nyani.

Dokta Upepo: Mizani iko Ruangwa, kwa wachimba dhahabu. Tukaazime. Lakini hata ukipima vizuri, kuna upepo. Na ukimaliza upepo, kuna dunia.

Kanali: Dunia imefanya nini tena?

Dokta Upepo: Inazunguka, mzee. Risasi ikiwa hewani, nyani anahama na dunia.

Mikidadi: Anahamia wapi?

Dokta Upepo: Mashariki.

Mikidadi: Kwa hiyo nilenge upande wa Lindi?

Dokta Upepo: Inategemea shamba limeangalia wapi.

Mikidadi: Limeangalia nyani!

Kanali: Sasa kama dunia inamhamisha, si tusubiri tu? Itamleta mwenyewe.

Dokta Upepo akakishusha kikombe. Kisha akasema labda, ila usiku. Mikidadi alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, na namwonea huruma nikikumbuka, maana kila tulivyomweleza ndivyo alivyozidi kupotea. Likaja suala la tambara. Kanali anataka kitenge, Dokta anasema polista inayeyuka kwa moto, lazima pamba tupu. Nikachukua mkasi, nikamkatia Mikidadi vipande vya pamba, vya duara, vizuri kabisa. Angalau kwenye mambo ya vitambaa nilikuwa na uhakika.

Ndipo akafika Lubasha, mfugaji wa Kisukuma aliyeingia na ng'ombe wake huku kwetu. Alikuja kuchukua sketi ya shule ya binti yake, Johari. Akatusalimia wote kwa heshima, akapewa kahawa, akainywa amesimama huku anasikiliza habari za nyani, jiwe na gololi.

Lubasha: Samahanini wazee wangu. Jiwe hilo ni lile lenye ufa, juu ya kijito?

Mikidadi: Hilohilo.

Lubasha: Na hiyo gololi, ikimkosa nyani, inakwenda kuishia wapi?

Kanali akafungua mdomo.

Kanali: Inaishia...

Dokta Upepo akaitazama simu yake, nayo ilikuwa imezima.

Mikidadi: Nyuma ya jiwe ni pori tu, ndugu yangu.

Lubasha: Lilikuwa pori, bhana. Mvua zilipoanza tukahamia bondeni pale. Johari anapita jiweni kwenda shule.

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ingetusaidia, tungebishana naye kuhusu ng'ombe wake na kijito, tungesahau. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili bado una vile vipande vya pamba. Niliona aibu. Nikampa sketi yake. Vipande nikavitia mfukoni.

Mikidadi: Sasa mimi nitakula nini?

Kanali, mtu wa kujibu hata asichoulizwa, alikuwa anakwangua masalia ya kahawa kwa kidole. Simu ya Mikidadi ikalia. Alikuwa Rukaiya, yuko kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, na sauti yake tuliisikia sote.

Rukaiya: Wameshuka! Wamejaa shamba zima! Nikalichukue gobore?

Mikidadi: Liache.

Rukaiya: Nini?

Mikidadi: Liache ndani, mke wangu. Piga debe.

Rukaiya: Nimeshapiga! Hawaniogopi, baba Fauzia, wanakula tu!

Mikidadi alikuwa ameshaipanda bodaboda, simu kaibana kwa lile bega bovu.

Mikidadi: Piga tu. Nakuja.