Fundi Kiwiko na Meza Isiyo na Nafasi ya Mtu

Mpendwa wetu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Fundi Kiwiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Alikuwa wa nne kati ya watoto saba, na nyumba ilikuwa na meza moja. Watoto walipogombania upande wenye taa, mama yao alikuwa na hukumu ileile: "Meza ni ya wote. Viwiko ni vyako, vibane." Wenzake waliisikia wakaisahau. Yeye aliifanyia kazi maisha yake yote.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya jirani, wanafunzi wanne kwenye dawati la wawili, hali ambayo wakati huo haikuwa na jina la kitaalamu. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu uchoraji wa samani mwaka 1976. Mwalimu wake aliandika kwamba kijana huyu ana mkono uliotulia na maneno machache. Maneno yalibaki machache hadi mwisho.

Mwaka huohuo aliajiriwa na karakana ya samani za ofisi, na huko ndiko jina lilikotoka. Kabla ya kuruhusu ubao ukatwe, aliwaketisha mafundi wawili bega kwa bega na kuwaamuru, "Pigeni mbawa!" Wakapanua viwiko kama kuku waliomwagiwa maji, naye akapima. Mwaka 1989 kampuni ya bima iliyohamia jengo jipya ilitaka watu wengi wakae mahali padogo. Akaichorea meza moja ndefu: watano huku, watano kule, nyaya zikipita kwenye mfereji wa katikati, bila kizuizi wala droo ya mtu. Jioni meza iachwe tupu. Kesho yake anayewahi achague pa kukaa. Wakubwa, wakiwa katika vyumba vyao vyenye milango, waliuita mpango huo ushirikiano. Mhasibu aliuita kupunguza kodi ya pango. Marehemu aliwaamini wakubwa, na kwa miaka mingi alihakikisha kwamba walichosema kinakuwa kweli.

Siku chache baadaye karani wa madai, binti mwenye sauti inayovuka ukumbi, alimfuata karakana.

"Wewe ndiye uliyetengeneza ile meza?"

"Ndiye mimi, dada."

"Umewahi kuikalia?"

"Nimeichora."

"Sikukuuliza umeifanya nini. Twende ukakae."

Akaenda, akaketi, akavuta kiti. Goti lake liligonga mguu wa meza kwa kishindo kilichonyamazisha simu. "Karibu kazini, fundi!" makarani wakaangua kicheko. Alikuwa ameichora meza yote akiitazama kutoka juu, na kutoka juu binadamu hana magoti. Hakujitetea. Wiki nzima alikaa pale penye mguu, karani akiwa pembeni yake, hadi akapata namna ya kuirudisha miguu yote ndani, chini ya ule mfereji. Tangu hapo hakuna meza iliyotoka karakana bila yeye kuikalia kwanza. Yeye na karani huyo walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1991. Dunia ilimwita Kiwiko. Mkewe peke yake alimwita Goti.

Meza ile haikukosa lawama, na marehemu hakuzikwepa. Mafua yaliyoingia Jumatatu upande wa dirisha, Alhamisi yalikuwa mlangoni. Aliyeandika kwa hasira alitikisa chai ya watu wote. Alibandika manyoya ya kondoo chini ya ubao kutuliza mtikisiko, akasikiliza, akabandika tena. Jambo moja tu lilimshinda. Mkewe alikataa kuhama pale mahali pa goti. Kila asubuhi aliwahi kuliko wote. "Sheria yako inasema anayewahi. Si nimewahi?" Fundi akaishia kukaa pembeni yake kila alipokuja kukagua meza, na alikuja kukagua mara nyingi kuliko meza ilivyohitaji.

Kampuni ilipoitupa meza hiyo mwaka 2012, aliileta nyumbani. Sebule ilikuwa fupi, akabomoa ukuta. Uzoefu wa kuondoa vizuizi alikuwa nao. Watoto wake na wa majirani walisomea hapo, na aliyethubutu kusema "nafasi yangu" alihamishwa papo hapo. Mama wa nyumba hakuhamishwa.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Alipotaka kuchora aliegemeza viwiko mezani, na mkewe akamshikia kifundo cha mkono. Mistari ile si mizuri. Imetunzwa yote. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, mkewe akiwa pembeni yake.

Jioni ile watoto walifunga kitambaa cheusi kwenye kiti chake.

"Kifungueni," mama yao akasema. "Kiti kina kazi."

"Mama, watu watakaa nafasi ya baba!"

"Baba yenu alikuwa na nafasi lini?"

Kitambaa kikafunguliwa, lakini kiti hakuna aliyekigusa. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, mama alichelewa mezani, na pale pake palikuwa na mjukuu anakunywa chai. Mtoto akataka kuinuka. "Kaa, umewahi," akamwambia, kisha akazunguka, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Alinyoosha miguu taratibu chini ya ubao, kama anayetafuta kitu cha kugonga. Hakukuwa na kitu.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne, ndugu watano, na meza ambayo nyote mnakaribishwa kuikalia baada ya mazishi. Kaeni popote.

Apumzike kwa amani, na viwiko vyake vipate nafasi.