Sheikha Athmani na Kaseti ya Pande Mbili

Mwalimu Dzoro alikuwa ameshafika kona ya duka la mkaa, mwavuli kwapani, wanafunzi watano nyuma yake. Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na moja Oktoba, mwaka wa tisini na sita, saa moja unusu asubuhi. Walikuwa wanakwenda Ganjoni kwenye mtihani wa muziki. Beryl, aliyekuwa wa mwisho, aligeuka akatazama juu, dirisha la ghorofa ya pili ya nyumba ya Bi Mwanaesha. Dirishani palikuwa na mtu. Walioandikishwa mtihani walikuwa sita. Walioondoka ni watano.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyo wa dirishani ndiye tuliyekaa kumkumbuka leo. Jina lake Sheikha Athmani, wa Kibokoni, Mji wa Kale. Tulimzika Alhamisi iliyopita. Umri wake miaka thelathini na miwili.

Mimi nilimjua kwa dirisha na kwa kikapu. Miaka ile nilipanga chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Mwanaesha. Juu yangu alikaa Mwalimu Kenneth Dzoro, mtu wa Kaloleni, aliyekuwa akifundisha muziki watu wazima saa za jioni. Wanafunzi wake walitaka kuingia kozi ya ualimu wa muziki. Mtihani wa kuingia ulikuwa mmoja, siku moja tu kwa mwaka. Unapigiwa vipande viwili vya muziki, unavilinganisha kwa maandishi. Basi. Ukiikosa siku hiyo, hadi mwakani.

Sheikha alimaliza kidato cha nne akaolewa na Mzamil, karani wa Kilindini. Mzamil alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini mapema mwaka ule alikwenda mwenyewe kumwandikisha mkewe mtihani, akarudi na risiti, akamwambia, "Haya, mwalimu. Usije ukanifunza mimi kuimba."

Tarehe kumi na mbili Juni, Mzamil alikwenda kazini asubuhi akiumwa kichwa. Laasiri alikuwa keshafariki.

Mjane wetu wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila ya haja. Sheikha akakaa eda katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mwanaesha. Na kila jioni, upande wa pili wa ukuta, Mwalimu Dzoro akapiga kaseti yake.

Kaseti ilikuwa moja. Upande mmoja jazi. Upande wa pili ufunguzi wa okestra, ule muziki unaopigwa kabla ya pazia kufunguliwa ili mchezo wa nyimbo uanze. Kaseti moja, pande mbili, kila jioni. Hata mimi niliyesoma madarasa ya kuokoteza, mawili hapa, moja Tanga, niliihifadhi kama namba ya kitambulisho changu.

Nasiha, mdogo wake Sheikha, alikuwa akilala pale kumliwaza dadake. Ndiye aliyenihadithia haya.

"Funga dirisha," Bi Mwanaesha alisema. "Nyumba ya msiba haisikilizi zumari."

"Nimefunga, mama. Yapita ukutani."

"Basi ziba masikio."

"Nimeziba. Sasa naisikia kwa miguu."

Nasiha asema Bi Mwanaesha aligeuza uso ukutani ili asionekane akicheka. Hiyo ni siku ya arubaini ya msiba.

Mwajua desturi yetu ya kikapu. Mwanamke hashuki kwa fungu la mchicha, huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Siku moja kikapu cha kina Sheikha kikateremka kikasimama mbele ya dirisha langu. Ndani mlikuwa na karatasi, juu imeandikwa: *Kwa Mwalimu, tafadhali.* Nikapanda nayo juu. Tangu siku hiyo nikawa tarishi wao. Wenyewe hawakuzungumza hata siku moja. Karatasi ilipanda na wino wa buluu, ikarudi na wino mwekundu.

Nasiha amenipa karatasi hizo nizisome hewani. Ya kwanza hii:

"Mwalimu, kwenye ufunguzi ala ni nyingi mno, na violini ndizo zinazobeba wimbo. Kwenye jazi wako wanne tu: saksafoni, piano, besi na ngoma. Ufunguzi waanza polepole, kisha wakimbia, kisha wimbo wa mwanzo warudi. Jazi nayo yarudi. Zote mbili zarudi nyumbani. Lakini ufunguzi warudi na nguo zilezile. Jazi yarudi imebadilisha."

Wino mwekundu: *Vizuri. Na mapigo?*

"Ufunguzi wakaza pale mguu unapokanyaga. Jazi yakaza pale mguu ulipo juu. Ndiyo maana mtu hatulii. Nina swali. Huu ni ufunguzi wa mchezo gani?"

*Mchezo wenyewe sina. Nina ufunguzi tu.*

"Basi Mwalimu, miezi miwili mwatufungulia mlango, na nyumba haipo!"

Nilimsikia Dzoro akicheka peke yake juu ya dari yangu. Lakini mwezi wa Septemba ilikuja karatasi nyingine. Hiyo hakuicheka.

"Mwalimu, mwawaambia wanafunzi kwamba jazi ni muziki huru. Nawasikia. Mimi nimehesabu. Ni vipimo thelathini na viwili vya mapigo, kisha vilevile tena, na tena, na tena. Yule wa saksafoni hatoki mle. Amefungiwa chumba kimoja, anatafuta pahali ambapo hajakanyaga. Ufunguzi ndio unaotembea, wapita chumba hiki ukaingia kile, lakini hauruhusiwi kugusa kitu. Sijui nani kati yao nimwonee huruma."

Wino mwekundu: *Usijitie mwenyewe kwenye jibu. Mtahini hataki kukujua.*

Kisha ikaja barua ya tarehe ya mtihani. Ishirini na moja Oktoba.

Abdulghafur ni kaka yake marehemu Mzamil, naye mfanyakazi wa Kilindini, na baada ya msiba ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Sebuleni alitundika kalenda ya kampuni ya meli, na juu yake alihesabu eda. Kumi na mbili Juni hadi kumi na mbili Oktoba, miezi minne. Ongeza kumi. Akatia duara kwenye ishirini na mbili Oktoba.

"Shemeji," Sheikha alimwambia, "mtihani ni siku moja kabla."

"Siku moja ni siku. Watu wa mtaa huu, kwa kusengenya, watosheka na nusu saa."

"Mwenye haja aruhusiwa kutoka mchana. Muulizeni sheikh."

"Niende kwa sheikh nikamwambie mjane wa ndugu yangu ana haja ya zumari? Nitazameni vizuri. Nafanana na mtu huyo?"

Sheikha akamgeukia Bi Mwanaesha. Bi Mwanaesha alikuwa akichagua mchele. Akaendelea kuchagua.

Sasa wasikilizaji wapendwa, hapa nataka mnisikilize polepole. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya kampuni ya meli. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, na miezi ya angani ni mifupi. Kwa mwezi, eda ya Sheikha ilimalizika Ijumaa, tarehe kumi na nane. Narudia. Kwa kalenda ya ukutani, ishirini na mbili. Kwa mwezi, kumi na nane. Mtihani ulikuwa ishirini na moja.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa kikapu kiliteremka mara ya mwisho. Karatasi ilikuwa fupi.

"Mwalimu, nimeipata tofauti kubwa. Mtu wa jazi akisikia pengo, aingia. Mtu wa ufunguzi aijua zamu yake, ala iko mdomoni, lakini angoja mkono wa yule anayeongoza. Mkono usipoinuka, hapigi. Mimi ni mtu wa ufunguzi."

Wino mwekundu ukaandika neno moja: *Fafanua.*

Dzoro ameniambia hivi: "Nilidhani amechoka. Nilimwekea alama kumi na saba juu ya ishirini, nikashuka kununua mkate."

Jumatatu watano wakaondoka. Jumanne Sheikha akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, akatolewa eda kwa uvumba na kahawa. Wakati huo mtihani ulikuwa umepita siku moja.

Mwezi wa Desemba Dzoro alihama. Siku ya kuhama aliitia kaseti kikapuni, akavuta kamba mara mbili. Kikapu kikapanda. Sheikha akasema atafanya mtihani mwakani. Mwakani Bi Mwanaesha akashikwa na miguu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Kila jioni Sheikha aliipiga kaseti, upande huu, kisha ule.

Mwaka huu mwezi wa Februari ilimshika homa, na hiyo ndiyo iliyomchukua. Siku ya nne Bi Mwanaesha aliburura miguu yake hadi kitandani. Haya amenieleza mwenyewe, na amenitaka niyaseme redioni. "Sema," ameniambia. "Nisije nikafa nayo."

Alimwambia mkwewe: "Mwanangu, mimi nilihesabu kwa mwezi. Ijumaa ile nilijua umemaliza. Nilinyamaza. Mwanangu mmoja alikuwa ametoka asubuhi hakurudi. Sikutaka na wewe uanze kutoka."

Sheikha akasema: "Mama, hata mimi niliuona mwezi. Nilikuwa nangoja museme nyinyi."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimepita bandari nyingi na milango mingi. Mlango ule haukuwa na kufuli. Leo ukifika nyumbani, tazama kama kuna mtu amesimama na ala mdomoni, anakutazama mkono wako. Uinue. Usiseme atajua mwenyewe. Anajua.

Kwa Bi Mwanaesha, kwa Nasiha, kwa ukoo wote wa marehemu Kibokoni na Siu, twawapa pole. Mola amrehemu Sheikha, amtulize na mumewe.

Beryl alifaulu, afundisha muziki skuli moja Voi. Wanafunzi wengine wanne, wawili walifaulu, wawili hawakufaulu. Mwalimu Dzoro ameacha kufundisha, auza mbao Kaloleni. Abdulghafur yuko Kilindini, kazi ileile. Ameniambia hakujua habari za mwezi, na mimi nimemwamini. Nasiha ameolewa Lamu. Bi Mwanaesha yu hai, hatembei. Kalenda imetolewa ukutani. Redio kaseti ilikuwa ya kuazima, wenyewe wameichukua. Kaseti iko chini ya mto wa Bi Mwanaesha.