Mwalimu Kandida na Nyimbo za Watoto wa Kibaoni

Baba Paroko, walimu, majirani zetu wa Kibaoni, ndugu mliotoka Mahenge, Kiberege na Chita, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naitwa Leodegar Mponda, mdogo wake marehemu, tumefuatana kuzaliwa, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu kabla hatujampeleka makaburini. Watoto wake wameyapitia haya niliyoandika na kuyakubali, ingawa kuna sehemu ambayo baadhi ya wazee waliniomba niiruke ili msiba uende kwa utulivu, lakini dada mwenyewe, akiwa kitandani, alinishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu, siku hiyo usije ukasoma historia ya mtu mwingine," kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaisoma yote.

Marehemu Kandida Mponda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika kijiji kimoja cha milimani upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Damiani Mponda na Mama Stefania, wote wakiwa wametangulia mbele za haki. Mwaka 1972 wazazi wetu walivuka mto Kilombero wakahamia Kiberege kutafuta mashamba ya mpunga, na huko ndiko alikosoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka michache akisaidia shamba na kuwafundisha watoto wadogo nyimbo za Noeli pale kigangoni, mpaka mwaka 1984 alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu mkoani Iringa, akahitimu mwaka 1986, na tarehe 1 Julai 1987 akaajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Kiberege.

Tarehe 28 Julai 1990 alifunga ndoa takatifu na Eustaki, fundi mitambo katika mashamba ya miwa kule Kidatu, mtu mpole aliyependa kucheka, wakajaliwa watoto wawili, Valentino aliyezaliwa mwaka 1991 na Edna aliyezaliwa mwaka 1995. Shemeji yetu alifariki kwa ugonjwa wa ini mwezi Machi 2009, na dada hakuolewa tena.

Mwaka 1996 alihamishiwa katika shule moja ya msingi hapa Kibaoni, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa darasa la awali, darasa ambalo walimu wengi walilikimbia kwa sababu watoto wa miaka mitano wanalia, wanajikojolea, wanasinzia, na dada alilipokea kama mtu aliyepewa zawadi. Wengi wenu mlioketi hapa mlipita mikononi mwake, kwa hiyo mnakumbuka alivyokuwa akiwaketisha kwenye mikeka na kuuliza, "Nani amesikia kitu njiani leo?" na mmoja akasema amesikia treni, mwingine mvua kwenye bati, mwingine mama akitwanga, kisha kila mmoja akatafuta namna ya kuifanya sauti hiyo kwa kopo la maziwa lililotiwa mchele, kwa kifuu, kwa kipande cha mwanzi, kwa viganja vyake tu. Hakuwafundisha nyimbo zake. Aliwasubiri watunge zao, hata kama ni maneno matatu yanayojirudia, na wimbo ulipokamilika darasa zima liliuimba, lakini kabla ya kuuimba alisimama mbele na kusema kwa sauti jina la mtoto aliyeutunga, kila mara, hata wimbo ukiimbwa kwa mara ya mia, hata akija mkaguzi. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinijibu kwamba mtoto wa miaka mitano hana shamba, hana nyumba, hana hata viatu alivyochagua mwenyewe, na wimbo ndicho kitu cha kwanza maishani mwake anachoweza kusema ni changu.

Mwaka 2005 alikuja katika shule ile mwalimu mpya, msichana aliyetoka moja kwa moja chuoni, Mwalimu Frida, hana ndugu hapa Ifakara, hana pa kulala, na dada akamchukua nyumbani kwake, akampa chumba cha Edna, Edna akahamia kulala na mama yake. Alikaa pale miaka minne. Alimwita dada "Dada Kandida", na sisi tulimwita mdogo wetu, alikula nasi Pasaka, alilia kuliko wote siku tulipomzika shemeji, na alipojifungua mtoto wake, dada ndiye aliyemkanda na kumpikia mtori. Darasani walifanya kazi pamoja, dada akimwonyesha kila kitu alichokijua, jinsi ya kunyamaza mtoto anapotafuta neno, jinsi ya kumpa ngoma mtoto mwenye aibu badala ya kumwuliza maswali, na kwa miaka kumi na moja hatukuwahi kuwasikia wakigombana.

Mwezi Mei 2016 mtoto mmoja wa darasa lile, Joshua, mwana wa Mama Dorotea hapa mtaa wa pili, alifiwa na bibi yake aliyekuwa akimlea, na aliporudi shuleni alikaa siku kadhaa bila kusema, kisha asubuhi moja akachukua kopo, akalipiga taratibu, akaimba, "Bibi umelala wapi, nikuletee uji, uji umepoa bibi, niambie nije wapi." Dada alinisimulia kwamba Frida alikuwa ameketi kando yake kwenye mkeka, na Frida ndiye aliyeanza kufuta machozi. Wimbo huo ulipendwa, watoto wakauimba mpaka majumbani, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba yule mwalimu anawafundisha watoto kuwaita wafu, kwamba zile ngoma ni za mizimu.

Tarehe 23 Septemba 2016 uliitishwa mkutano wa wazazi. Baadhi yenu mlikuwepo. Mzazi mmoja alisimama akasema mwanawe anaamka anaimba wimbo wa makaburini, na kwamba yeye hakumleta shule kuja kufundishwa uganga, wengine wakapiga makofi, na dada akaeleza kwa utulivu kwamba wimbo ni wa mtoto anayemlilia bibi yake, kisha akamgeukia Frida akasema, "Mwalimu mwenzangu alikuwepo, naomba awaeleze." Frida alisimama. Alisema, "Mimi nilimwambia mara nyingi aachane na mambo haya, hakunisikia, na mimi ni mdogo kwake, ningefanya nini?"

 Edna, aliyekuwa amesimama dirishani, ananiambia kwamba mama yake aliangalia chini, akakunja khanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka mkutano ulipofungwa. Mwezi uliofuata alipewa uhamisho kwenda Chita, na darasa la awali akakabidhiwa Mwalimu Frida. Ngoma na makopo yote yalibaki kule. Tulipomwuliza Frida baadaye kwa nini alisema vile, alisema aliogopa kuhamishwa yeye, kwa kuwa mtoto wake alikuwa mdogo, na huo ni woga ninaouelewa, lakini dada alikuwa mjane wa miaka hamsini, naye alikuwa na nyumba hapa na kaburi la mume wake hapa.

Kule Chita alianza upya. Watoto wa kule wakati wa mpunga wanakwenda mashambani kuamia ndege, wanapiga madebe na kupiga kelele tangu alfajiri ili ndege wasile mpunga, na dada alizichukua kelele hizo akazigeuza somo, akapata darasa lenye sauti kuliko lile la Kibaoni, na mtoto mmoja wa wafugaji wa Kisukuma, Ndaki, ambaye hakujua Kiswahili, alitunga wimbo wa kuita ng'ombe ambao nasikia unaimbwa kule mpaka leo. Lakini ni lazima niseme pia kwamba dada hakuwa yuleyule. Mtu ambaye mlango wake ulikuwa wazi sasa alifundisha amefunga mlango, na mwalimu kijana aliyepangiwa kumsaidia, Mwalimu Bryson, alikaa karibu mwaka mzima akipewa kazi ya kufagia mikeka na kugawa uji, haruhusiwi kuketi wakati watoto wanatunga. Bryson alivumilia. Nilipomlaumu dada kwa jambo hilo alisema, "Najua kijana hana kosa. Sijaweza tu."

Mwaka 2019 Mwalimu Frida aliacha kazi ya serikali, akafungua chekechea yake mwenyewe hapa mjini, na mwezi Agosti mwaka huo watoto wake wakaimba redioni. Dada alikuwa Chita anapepeta mchele, Edna yuko naye, wakausikia wimbo wenyewe, uji umepoa bibi, na mtangazaji alipouliza nani ameutunga, Frida akajibu kwamba ameutunga yeye, kwa uchungu wa kumpoteza bibi yake. Dada alizima redio. Edna alidhani mama yake atalia au atatukana, lakini alisema tu, "Wamemwondoa Joshua."

Siku chache baadaye Mama Dorotea akampigia simu kumweleza kwamba Joshua, wakati huo akiwa darasa la tatu, aliwaambia wenzake wimbo wa redioni ni wake, wakamzomea, na mwalimu akamwadhibu kwa kusema uongo. Dada alipanda treni siku iliyofuata, akaja moja kwa moja kwangu, tukaenda wote mpaka kwenye ile chekechea. Frida alitupokea vizuri, alisema, "Shikamoo dada," akavuta viti, akaagiza soda. Dada aliitikia marahaba, hakuketi, akamwambia alichokuja kusema, na Frida akatabasamu kidogo, akasema, "Dada, nyimbo za watoto hazina mwenyewe."

"Mwenyewe yupo," dada akasema. "Anaitwa Joshua, na juzi amechapwa kwa ajili yako."

Frida akasema atarekebisha, atarudi redioni atasema. Dada akamwuliza, "Na yale ya mkutanoni, Frida?" Frida akaanza kupanga vikombe vya watoto. Hakurudi redioni, si mwaka huo wala mwaka wowote.

Jumatatu dada alikwenda katika shule ya Joshua, ileile aliyofundisha hapa Kibaoni, akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya darasa la tatu akawaambia, "Wimbo ule ameutunga Joshua akiwa na miaka mitano, mimi nilikuwepo, nami ni mwalimu wenu mliyemsahau." Mama Dorotea anasema mwanawe alirudi nyumbani siku hiyo akaomba kula mara mbili. Na dada aliporudi Chita, kwa namna ambayo mimi sijaielewa vizuri hadi leo, alimwita Bryson akamwambia atandike mkeka wake karibu na watoto, akaanza kumfundisha.

Afya ya dada ilianza kuyumba mwezi Februari 2022, alipogundua uvimbe katika titi la kushoto. Alifanyiwa upasuaji hapa Ifakara mwezi Mei, akaendelea na matibabu Dar es Salaam hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, akapata nafuu, akarudi darasani, lakini mwezi Januari 2024 ugonjwa ulirudi kwa nguvu na kuingia mifupani. Miezi yake ya mwisho alikuwa nyumbani kwake hapa Kibaoni, akiuguzwa na Edna. Alimwuliza Edna zaidi ya mara moja kama Frida ameulizia hali yake, na Edna, ambaye hajui kudanganya, alisema hapana. Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Sasa ndugu waombolezaji, jana tuliletewa ujumbe kutoka kwa Mwalimu Frida, akiomba watoto wa chekechea yake waje hapa waimbe ule wimbo kumuaga marehemu. Familia tulikaa. Valentino hakutaka kabisa, mimi na Edna tukasema watoto wale hawana hatia, waje, kwa sharti moja tu, kwamba kabla ya kuimba litajwe jina la aliyetunga. Jibu lililokuja ni kwamba watoto wamepata udhuru. Joshua yuko hapa, sasa ni kijana wa kidato cha kwanza, tukamwuliza kama angependa kuimba mwenyewe, akasema hapana, hatukumlazimisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ifakara na Dar es Salaam waliomhudumia kwa huruma, jumuiya ndogondogo iliyosali naye kila Alhamisi, majirani mliochota maji na kukesha nasi, na walimu wa Chita mliokuja na basi zima mkiongozwa na Mwalimu Bryson, ambaye ndiye analiendesha darasa lile leo. Kwenu ninyi mliokuwepo katika ule mkutano mkapiga makofi, na ninyi mliojua ukweli mkanyamaza, familia haina neno la shukrani kwa siku ile, na sitalitafuta, ila tunawashukuru kwa kuja leo. Kaeni, chakula kipo, mtakula pamoja nasi.

Dada Kandida, nimesoma ya kwako. Lala salama, upumzike kwa amani.