Nilidhani Ndogo ni Afadhali

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wauguzi na wataalamu wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe Daktari tunayekuaga leo: shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa. Mgonjwa alikuwa mke wangu, msusi wa mtaani kwetu. Alikuja hapa kupima damu tu, kipimo cha kawaida, kwa sababu uchovu ulikuwa haumwishi. Majibu yakasema chembe zake za kugandisha damu ni ndogo kuliko kawaida. Nikamtania, "Mke wangu, si afadhali ndogo? Jirani kaambiwa zake kubwa, hata usingizi hapati!"

Nani kati yenu asingefikiri hivyo? Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu nasi.

"Baba, ukubwa peke yake si ugonjwa, tunausoma pamoja na idadi. Chembe changa huwa kubwa. Mwili ukizipoteza, uboho wa mifupa hutoa changa haraka. Za mama ni ndogo, tena chache mno. Nahofia uboho umechoka kuzitengeneza. Inabidi tuupime."

Ukapimwa. Hofu yake ikawa kweli.

Mke wangu akauliza, "Nitapona?"

"Sijui, mama. Nikijua nitakwambia."

Ndugu zangu, ni wangapi tungethubutu kutamka hilo "sijui" mbele ya mtu anayetetemeka?

Jioni ile ile mke wangu alimpigia simu dada yake, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa mama yao. Dada akaja, akapimwa ili atoe uboho wake. Haukulingana. Alilia kwenye korido hadi wauguzi wakamshika, lakini hakurudi kwake. Akabaki kumsuka mgonjwa, vibaya kweli kweli, na mgonjwa akimkemea, "Hii mistari au njia ya mbuzi?" Nikiwa mlangoni nilisikia wakicheka kama wasichana.

Alifariki mvua hazijaisha, kichwa chake mapajani mwa dada yake.

Daktari, wengi watakusifu kwa uliowaponya. Mimi nakushukuru kwa ajili ya mmoja ambaye hukuweza kumponya. Ungetudanganya siku ile, dada mtu angekuja kuzika tu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Nyumbani siku hizi hakuna wa kuzungumza naye.